Ndoa ya mbali: namna ya kupigiana simu, kugombana na kupokeana

Mwalimu amepangiwa Sumbawanga, mkewe ana duka Morogoro. Mke ameingia mkataba wa miaka 2 wa kazi za ndani Muscat, mume na watoto wamebaki Tanga. Dereva wa lori anavuka Tunduma kwenda Lubumbashi, na foleni ya mpakani peke yake inaweza kumla siku kadhaa. Watu hawa wameoana, lakini sehemu kubwa ya mwaka ndoa yao inaishi ndani ya simu. Umbali husingiziwa mengi. Ndoa nyingi za namna hii huanza kulegea siku simu inapogeuka dirisha la malipo: ada, kodi, gesi, dawa ya bibi, halafu "haya, usiku mwema". Baada ya miezi sita ya simu za aina hiyo, mtu anarudi nyumbani na kukuta mhasibu mwenzake.

Yafuatayo yanahusu wale ambao bado wanatakana na wanahitaji namna ya kufanya.

Kabla begi halijafungwa

Kaeni wawili, bila mama wala mawifi, mpange tarehe ya kuonana. "Nikipata nafasi nitakuja" ni jibu linaloua subira ya aliyebaki, kwa sababu hana cha kuhesabu. Afadhali tarehe ya mbali inayojulikana kuliko ahadi ya karibu inayosogezwa kila mwezi. Wanandoa wa Kiislamu wanaijua hesabu ya miezi minne iliyomo kwenye mafundisho yao kuhusu kumwacha mke bila unyumba. Wakristo nao wanajua kwamba Paulo aliwaambia wanandoa wasinyimane ila kwa kupatana, tena kwa muda. Kote kuwili, kutengana kuna kikomo na kunahitaji ridhaa ya wawili. Anzeni hapo.

Tarehe bila nauli ni maneno tu. Kama safari ya kwenda na kurudi itagharimu shilingi 120,000 na mnataka kuonana kila baada ya miezi 3, basi 40,000 zinatengwa kila mwezi kwenye laini ya pili au kibubu cha simu ambacho hakiguswi kwa ada wala msiba. Hapa ndipo wengi wanapoanguka: nauli huwa ya kwanza kuliwa mambo yakibana, kwa sababu nyumbani haionekani kama deni.

Anayekwenda Ghuba kwa mkataba hawezi kuja kila robo mwaka, kwa hiyo maandalizi yake ni tofauti. Aache kwa mwenzi nakala ya mkataba, nakala ya pasipoti, jina na namba ya wakala, na anwani ya nyumba atakayofanyia kazi akishaijua. Mkubaliane pia kuhusu ukimya. Waajiri wengine huruhusu simu usiku tu, wengine siku ya mapumziko tu. Mwenzi aliyebaki akilijua hilo mapema hatakesha akiwaza mambo ya ajabu. Mkishajua ratiba yake, wekeni kiwango: kwa mfano, zikipita siku 4 bila neno lolote, anapigiwa wakala.

Simu za aina tatu, zisichanganywe

Ya kwanza ni salamu. Ujumbe wa sauti wa dakika moja asubuhi unatosha. Sema uko wapi na unaona nini: "Nipo kituoni, mvua imenikuta, nimejibanza kwa mama ntilie hapa, ananukia vitumbua kama vyako." Mwenzi asikie mvua, asikie watu. Ujumbe wa dakika saba haufai kwa salamu. Atausikiliza kwa kasi mara mbili akiwa jikoni, na utajisikia hukusikilizwa.

Ya pili ni simu ya nyumba. Iwe mara mbili kwa wiki, dakika 20, kila mmoja ameandika mambo yake kwenye karatasi. Ada, paa linalovuja, mtoto aliyeshuka darasani, mkutano wa ukoo. Mambo madogo yatumwe kwa maandishi siku hiyohiyo yasubiri majibu. Kinachoshindikana kukamilika ndani ya dakika hizo kinahamia simu ijayo, isipokuwa ugonjwa.

Ya tatu ni ya wawili. Nusu saa, mara mbili au tatu kwa wiki, watoto wamelala, na pesa haitajwi. Hii ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayobeba ndoa. Tatizo lake ni kwamba watu waliozoeana miaka kumi hawajui waanzie wapi, wanaishia "vipi, poa, na wewe?" Uliza swali lisilojibika kwa "poa". "Nani amekuchekesha leo?" "Kitu gani leo umekiona ukatamani ningekuwepo?" "Ule mgongo uliokuwa unakuuma, umelalaje jana?" Swali la mgongo ni zuri kuliko yote, kwa kuwa linaonyesha ulisikiliza juzi. Umakini wa kukumbuka jambo dogo hushinda maneno matamu yaliyokaririwa.

Mkilazimika kufanya ya nyumba na ya wawili kwa simu moja, tangulizeni ya nyumba, kisha mmoja afunge kwa kutamka: "Haya, ya nyumba yameisha. Sasa niambie wewe." Mkianza na mapenzi na ada ikasubiri mwisho, anayesubiri kuitaja ada hatasikia neno.

Saa nazo zipangwe kwa akili. Muscat na Dubai ziko saa moja mbele ya Afrika Mashariki. Riyadh, Doha na Kuwait ziko sawa nasi. London iko nyuma kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi, na Minneapolis iko nyuma kwa saa 9 au 8. Saa za huko zikibadilika, mtu wa nyumbani hujikuta anapigiwa amelala au anapiga mwenzi akiwa kazini, na ugomvi unaanza bila mwenye kosa. Kwa aliyeko Falme za Kiarabu, kupiga simu kwa WhatsApp kwa kawaida hakupiti kwenye mitandao ya huko, ingawa maandishi na ujumbe wa sauti vinapita. Wengi hutumia programu zilizoruhusiwa kama Botim. Iwekeni na kuijaribu kabla ya safari, mkiwa bado chumba kimoja.

Pesa inayotumwa

Tuma na ya kutolea. Ni pesa ndogo, lakini inamwambia mpokeaji kwamba ulifikiria mpaka atakapokuwa dirishani kwa wakala. Kabla ya kutuma, andika imegawanywaje: kodi, chakula, akiba, na kiasi cha matumizi yake mwenyewe asichotolea hesabu. Hicho cha mwisho kiwepo hata kama ni 5,000. Mtu mzima anayeomba kila shilingi huanza kujiona mtoto ndani ya ndoa yake, na mtoto hamtamani mzazi wake.

Mpokeaji naye ana wajibu wake. Ndani ya siku moja baada ya pesa kuingia, piga simu ya kushukuru ambayo haina ombi jingine. Mara nyingi shukrani huja imebeba "ila sasa…" na aliyetuma anajiona mfuko uliotobolewa. Wekeni pia kikomo cha uamuzi: chini ya kiasi fulani mlichokubaliana, aliye nyumbani anaamua mwenyewe na kutoa taarifa baadaye, juu ya hapo mnashauriana.

Mkigombana

Ugomvi wa simu una tabu yake: hamwonani nyuso, na mwili hauwezi kusaidia. Nyumbani mtu angeweka chai mezani, mwenzake akaelewa. Kwenye simu kuna maneno matupu na zile tiki mbili za bluu.

Usigombane kwa ujumbe wa sauti. Maneno ya hasira yaliyorekodiwa husikilizwa mara kumi, na siku moja humfikia dada mtu. Wala usigombane kwa maandishi, maana "sawa" iliyoandikwa kwa uchovu husomeka kama "sawa" ya kununa. Andika tu: "Kuna jambo limeniuma. Nikupigie saa 3 usiku?" Kisha subiri saa 3.

Mkianza, taja tukio moja, lilivyokugusa, na unachoomba. Tofauti ni hii. "Baba Neema, wewe siku zote unatudharau, ndugu zako ndio wana thamani" ni mlango uliofungwa. Hana la kufanya ila kujitetea. "Baba Neema, Jumamosi ulisema utapiga, Neema akakaa na simu mpaka akalala. Niliumia. Ukiona huwezi, niandikie hata neno moja mapema" ni jambo analoweza kulitenda kesho. Naye anayesikiliza arudie kwanza alichosikia kabla ya kujieleza: "Kwa hiyo kilichokuuma ni mtoto kusubiri." Kujieleza mapema, hata kwa sababu ya kweli kabisa, husikika kama kukana.

Sauti zikipanda, ombeni mapumziko. Mwili uliochemka kwa hasira unahitaji angalau dakika 20 kutulia, na katika hizo dakika usikae ukipanga majibu. Fua, tembea, sali. Lakini kuomba mapumziko na kuzima simu ni vitu viwili. Anayepumzika hutaja saa ya kurudi: "Nimechemka, nisije nikasema vibaya. Nitapiga saa 4 kamili." Halafu anapiga. Akishindwa mara mbili kutimiza hilo, neno "mapumziko" halitaaminiwa tena.

Mambo ya ndani yasipandishwe stetasi, hata kwa mafumbo. Mkikwama, chagueni mtu mmoja tu wa kusikiliza, na awe mmemkubali wote. Mshenga aliyepeleka posa bado ana kazi hiyo, na mara nyingi anafaa kuliko ndugu, kwa kuwa aliingia kwa ajili ya wawili.

Wivu nao una dawa yake, na dawa hiyo si neno la siri la simu. Anayekagua simu ya mwenzake leo atataka kuikagua kesho. Kinachotuliza moyo ni taarifa inayotangulia kuulizwa: "Leo nina zamu ya usiku, simu itakuwa kabatini, nitakupigia saa 1 asubuhi." Zikitimia taarifa kama hizo mfululizo, maswali hupungua yenyewe.

Haya yote ni kwa watu wanaogombana. Vitisho, kipigo wakati wa likizo, au mtu kunyimwa matumizi ili atii, havitibiwi kwa ratiba ya simu. Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi na maofisa wa ustawi wa jamii. Kenya kuna namba ya bure 1195.

Hamu

Wanandoa wengi wa mbali huacha kabisa kuzungumzia miili yao, mmoja akiogopa kumtesa mwenzake, mwingine akiogopa kuonekana mhuni. Ukimya huo hugeuka mazoea. Semeni. Watu wa pwani wamefundishwa na somo na makungwi, wale wanaomfunda bibi harusi, kwamba mambo ya chumbani yana lugha yake, ya mafumbo na heshima, na lugha hiyo inapita vizuri kwenye simu. "Kitanda kimekuwa kipana" inasema yote. Buni maneno yenu wawili ambayo hata mtoto akiyasikia hapati kitu.

Picha za utupu tunashauri ziachwe. Simu huibwa, hupelekwa kwa fundi, na picha hujihifadhi zenyewe mahali mwenye simu hapajui. Hata ile inayofunguliwa mara moja tu inaweza kupigwa picha na simu nyingine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inakataza kuchapisha ponografia kwa njia ya mtandao, na ya Kenya ya 2018 inaadhibu usambazaji wa picha za faragha za mtu. Sauti inatosha, na kwa wengi inazidi.

Harufu inafika mbali kuliko watu wanavyodhani. Kanga iliyofukizwa udi, ikakunjwa ikiwa kavu kabisa na kufungwa kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa, itafika Kigoma kwa basi ikiwa bado inanukia. Asumini hazifai kusafirishwa, kesho yake zimesinyaa. Chagua jina la kanga kwa makini. Mwenzi atalisoma kama barua. Mume naye atume fulana aliyoivaa, isiyofuliwa.

Kurudi

Hapa ndipo penye makosa mengi kuliko kote, kwa sababu kila mmoja ameshaiona siku hiyo kichwani mwake mara mia.

Wiki mbili kabla, ongeeni mambo mawili. La kwanza ni uzazi. Kama hamtaki mimba, nenda kliniki mapema: vidonge, sindano au kijiti vikianzwa katikati ya mzunguko, kwa kawaida huhitaji hadi siku 7 za kutumia kondomu kabla ya kuvitegemea. Ajali ikitokea, vidonge vya dharura hutumika ndani ya saa 120, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. La pili ni vipimo. Usiseme "ukapime", sema "tupime wote", na mwende pamoja. Vipimo vya haraka vya VVU huweza kukosa maambukizi mapya, na huchukua hadi siku 90 kuwa na uhakika. Kama yeyote ana la kuhofia ndani ya muda huo, kondomu zitumike na kipimo kirudiwe. Mazungumzo haya ni magumu, na ni magumu zaidi yakianzishwa usiku wa kwanza taa imeshazimwa.

Mtoto aliyezoea kulala na mama ahamishwe siku 10 hadi 14 kabla ya baba kufika. Akihamishwa usiku uleule, atalia, atamchukia aliyemfukuza, na usiku utaishia kubembeleza. Mkiwa na chumba kimoja, pangeni mchana watoto wakiwa shule, au waombeni shangazi usiku mmoja.

Toa taarifa ya saa ya kufika. Kumfumania mwenzi kwa jina la kumshtukiza ni mchezo mbaya. Mafundisho ya Mtume yanamtaka msafiri aliyekaa mbali muda mrefu asiwagongee watu wake ghafla usiku, mke apate kuchana nywele na kujiweka sawa. Heshima iliyomo humo inamfaa mtu wa dini yoyote.

Usiku wa kwanza usiwekewe deni. Aliyekaa kwenye basi saa 14 ana miguu iliyovimba. Aliyekuwa nyumbani amepika, amepokea wageni, amechoka. Maji ya moto, chakula, kukandana mgongo, kulala mmeshikana. Likitokea zaidi, vizuri. Baada ya miezi ya kukaa mbali, mwanamume kumaliza haraka ni jambo la kawaida, na mara ya pili huwa tofauti. Mwanamke anaweza kukauka hata kama anatamani, hasa akiwa ananyonyesha, kwa sababu homoni ya estrojeni huwa chini. Ongezeni muda wa kushikana, na tumieni kilainishi cha maji kutoka duka la dawa. Mafuta ya nazi au ya mgando hayapatani na kondomu za mpira. Huzilegeza ndani ya dakika chache, na zinaweza kupasuka. Maumivu yanayojirudia yapelekwe kliniki.

Nguvu za kiume zikikataa siku moja, ni uchovu, pombe au wasiwasi. Zikikataa wiki kwa wiki, pimeni sukari na presha, kwani mara nyingine hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Poda na vidonge vya mitaani viacheni: baadhi vimekutwa vimechanganywa dawa za hospitali kimyakimya, na kwa anayetumia dawa za nitreti za maumivu ya moyo, mchanganyiko huo unaweza kushusha presha ghafla hadi kuua.

"Leo hapana" ni jibu halali, kwa mke na kwa mume, na unyumba haudaiwi kwa nguvu. Anayekataa amsaidie mwenzake kwa kuongeza neno: "Leo hapana, nimechoka, ila nishike hivihivi. Kesho mchana watoto hawapo." Anayekataliwa asinune wala asiulize ni nani mwingine.

Siku tatu za kwanza, aliyerudi asibadilishe kitu. Sufuria zimehamishwa, mtoto analala saa 3 badala ya saa 2, kuku wameuzwa. Nyumba ilikwenda bila wewe kwa sababu mtu aliibeba. Uliza: "Kipi umeshazoea kufanya mwenyewe, hutaki nikiguse?" Mwenye nyumba naye ampe mgeni wake kazi halisi, kumpeleka mtoto shule au kwenda sokoni, asije akazunguka sebuleni kama mtu anayesubiri basi. Ndugu watakuja kusalimu. Wapangieni siku, na siku ya kwanza isiwe yao.

Kati ya siku ya nne na ya saba tarajieni mzozo mdogo. Furaha ya mapokezi imeshuka na mazoea ya kila mmoja yanagongana. Ndiyo siku nzuri ya kuzungumza mambo mazito, kiwanja, uhamisho, mtoto mwingine, mkiwa bado na muda wa kukubaliana. Usiku wa mwisho msifungue daftari lolote. Fungeni begi pamoja mapema alasiri, muweke ndani fulana na kanga, mtaje tarehe inayofuata na nauli yake iko wapi. Na anayesafiri, akishakaa kwenye kiti chake, apige kabla gari halijatoka mjini, azungumze mpaka mtandao ukatike.